Askari kanzu ndani ya mchezo, na swali lililotushinda sisi



Wiki kadhaa zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, mama mmoja alitungojea nje ya ofisi ya kamati hata watu wakatawanyika. Alikuwa na shitaka juu ya mwanawe wa miaka kumi na sita. "Ustaadh katibu," alituambia, "huyu mtoto kutwa ameshika pedi za gemu. Nikimwuliza anafanya nini, ananijibu kuwa yeye ni askari mpelelezi. Mimi nikitazama naona watu wanapigana barabarani tu. Nimechoka. Niambieni kama ni haramu, nikauvunje huo mtambo leo leo."

Tulimwomba asivunje kitu. Tulimwambia kwamba hatuwezi kulihukumu jambo ambalo hatujaliona, na tukaahidi kufika nyumbani kwake. Tukafika jioni mbili, baina ya Alasiri na Magharibi, tukaketi mkekani kando ya yule kijana na kumwomba atuoneshe. Ahadi yetu kwa mama ilikuwa kuuchunguza mchezo, wala hatukutazamia kwamba mchezo nao ungetuchunguza sisi.

Kwanza tueleze ni mchezo gani, kwani wazazi wengi huyakuta majina haya midomoni mwa watoto bila kujua asili yake. Huitwa Yakuza: Like a Dragon. Umetengenezwa Japani na kundi la Ryu Ga Gotoku Studio lililo chini ya kampuni ya Sega. Ulitoka huko Japani mwezi Januari 2020, na nchi nyingine ukawafikia Novemba mwaka huo huo. Yakuza ni magenge ya wahalifu ya Kijapani, yenye ngazi za utii, viapo na mabwana, na mfululizo wa michezo hii ulianza mwaka 2005. Kwa miaka mingi ulikuwa mchezo wa ngumi za papo kwa papo. Tarehe 1 Aprili 2019 watengenezaji walitoa filamu fupi iliyoonesha watu wakipigana kwa zamu kama wachezaji wa bao, na watu wakacheka wakidhani ni mzaha wa siku ile. Baadaye ikabainika kuwa mchezo mpya ulikuwa hivyo kweli.

Michezo ya zamu ya namna hii, ambayo mchezaji huongoza kundi la wahusika, huwakuza kidogo kidogo na kuwachagulia kazi zao, ina historia ndefu Japani. Mlango wake mkubwa ulifunguliwa mwaka 1986 na mchezo uitwao Dragon Quest, uliobuniwa na Yuji Horii. Wahusika waliozoeleka humo ni mashujaa wenye panga, wachawi, waganga na wezi wa ngome za kale. Askari wa upelelezi si mtu wa kawaida katika msafara huo. Hata hivyo yeye na mchezo huo ni jamaa wa karibu kuliko wanavyodhani wengi, kwani Horii huyo huyo, miaka mitatu kabla, yaani 1983, alitoa mchezo wa upelelezi wa mauaji uliotukia katika mji wa Kobe. Ndani yake mchezaji ni mkuu wa upelelezi asiyeonekana, anayemwagiza msaidizi wake aende huku, amwulize yule, apekue pale. Mwisho wa mambo, mhalifu anayetafutwa kote ni msaidizi huyo huyo aliyekuwa ubavuni pake tangu mwanzo. Tuliposimuliwa hilo tulitabasamu. Siku chache baadaye hatukutabasamu tena.

Sasa turejee kwa askari wa yule kijana. Shujaa mkuu wa mchezo ni Ichiban Kasuga, kijana wa ngazi ya chini katika genge la Tokyo. Mwisho wa mwaka 2000 bwana wake, Masumi Arakawa, anamwomba abebe kosa la mauaji ambalo hakulifanya, ili kumwokoa mkubwa mmoja wa genge. Arakawa ndiye aliyemnusuru maisha na kumlea kama mtoto wake, na Kasuga anamwona kama baba. Basi anakubali. Anajisalimisha polisi, anasema "ni mimi," na anafungwa miaka 18. Anapotoka mwaka 2019, hakuna hata mmoja katika wale aliowafungia gerezani aliyekuja kumpokea. Mtu mmoja tu amesimama nje akimngoja, naye ni askari.

Huyu ndiye Koichi Adachi, mtu mzima anayekaribia umri wa kustaafu, mwenye mwili mkubwa na sauti nzito. Alikuwa mpelelezi, kisha wakubwa wake wakamtupa katika ofisi ya leseni za udereva kwa sababu hakutaka kunyamaza. Anaamini kuwa mkuu wa polisi wa Tokyo ana uhusiano wa siri na genge la Arakawa, na ametumia miaka yake ya mwisho kazini kutafuta ushahidi. Anamwendea Kasuga kwa sababu amelisoma jalada la kesi yake na halikumwingia akilini. Mahakama ilikuwa imeridhika, kwa kuwa mshitakiwa alikiri. Adachi peke yake hakuridhika.

Hadithi inaendelea, na Adachi anaipoteza hata ile kazi ndogo aliyobakiwa nayo. Anajikuta Yokohama pamoja na Kasuga na Nanba, muuguzi wa zamani anayelala nje na watu wasio na makazi. Yeye ni mmoja wa wahusika ambao mchezaji anawaongoza mwenyewe. Katika orodha ya wahusika kazi yake imeandikwa kuwa ni mpelelezi, na silaha yake ni kirungu cha polisi. Akitaka kubadili kazi, hana kasri wala hekalu la kuendea kama katika michezo ya zamani. Anakwenda katika ofisi ya serikali ya kutafutia watu ajira, aina ya ofisi ambayo kwa kweli ipo katika miji ya Japani, na humo anaweza kugeuka kuwa msimamizi wa ujenzi au mpishi. Mtu aliyefukuzwa kazi uzeeni anapanga foleni pamoja na vijana. Tulipoliona hilo tuliwakumbuka wazee wetu kadhaa wa msikitini, na tukaanza kuelewa kwa nini kijana huyu ameshikamana na mhusika asiye na sura ya ujana wala mavazi ya kupendeza.

Tulimwuliza: "Katika wote hawa, kwa nini umemchagua mzee?" Akajibu akiwa bado anakitazama kioo: "Kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza, ustaadh. Wengine wote walisikia 'ni mimi' wakaenda kulala."

Ndugu msomaji, neno hilo lilituingia kifuani kama mwiba, na sasa hatuna budi kueleza sababu.

Miezi michache kabla ya siku ile, sanduku la michango ya bati za madrasa lilikutwa limepungua. Hazikuwa fedha nyingi, lakini zilikuwa za watu waliojinyima. Kamati ilikutana usiku, nyuso zimekunjamana. Kabla hatujamaliza hata kuhesabu, kijana mmoja yatima anayefagia msikiti aliletwa mbele yetu, akasema kwa sauti ndogo kuwa yeye ndiye aliyechukua. Tulishusha pumzi. Jambo lilikuwa limekwisha bila fitina, bila kumhoji mtu mzima yeyote. Tulimnasihi, tukamwondoa katika kazi ya kufagia, na tukakubaliana kumsitiri. Na sisi tunaoandika safu hii, kwa kuwa ndio tulioshika kalamu, tuliandika katika muhtasari wa kikao kwamba mhusika amekiri na shauri limefungwa. Tuliiandika sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri, tukapiga mstari chini yake.

Kijana wa pedi alikuwa rafiki yake wa darasa moja. Jioni ile ya pili aliuweka mchezo kando, akatugeukia kwa adabu na kutuuliza: "Sanduku lile lina kufuli mbili, ustaadh. Mlimwuliza funguo alizipata wapi?"

Hatukumwuliza. Watu saba wazima tulikaa kikao cha saa mbili, na swali la kwanza ambalo askari yeyote angeliuliza halikutoka kinywani mwa hata mmoja wetu. Funguo hukaa kwa watu wawili, na kijana hakuwa mmoja wao. Hatukulisahau swali lile kwa ujinga. Tukijisema kwa ukweli mbele ya Mola wetu, hatukuuliza kwa sababu jibu lake lingetupeleka kwa mtu ambaye hatukutaka kufika kwake.

Tulikwenda kwa bibi yake yule kijana, na kwa idhini yake tunalisimulia hili bila jina la mtu wala mtaa. Kijana alilia kabla hajasema. Aliyekuwa akimlipia ada na kumpa chakula cha jioni, mtu mwenye heshima zake, ndiye aliyemwambia: "Wewe ni mtoto, watakusamehe. Mimi wakinijua nimekwisha, na nikiisha mimi, wewe utakula wapi?" Akakubali. Hakuona kuwa ana haki ya kukataa. Mkono uliomlisha ndio uliomwelekeza mahali pa kusimama.

Hapo ndipo tulipoielewa hadithi ya Kijapani kuliko tulivyoielewa mbele ya kioo. Kasuga naye aliombwa na mtu aliyemlea. Wema aliotendewa uligeuzwa kuwa deni, na deni likalipwa kwa ujana wake wote. Na katika mchezo ule inakuja kubainika kuwa hata yule mkubwa aliyemkinga kwa kufungwa hakuwa muuaji: naye alikuwa akimkinga mwingine. Uongo mmoja ulikuwa umejengwa juu ya mgongo wa uongo mwingine, na aliyekuwa chini kabisa, akibeba uzito wote, ni yule asiye na mtetezi.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya kubuniwa kwa ajili ya burudani. Nchi iliyoubuni mchezo huo inalijua jeraha hili kwa damu yake. Katika mahakama za Japani, zaidi ya asilimia 99 ya wanaoshitakiwa hukutwa na hatia, na kwa miaka mingi ungamo la mshitakiwa limepewa uzito mkubwa mno. Mwaka 1966 bondia wa zamani aitwaye Iwao Hakamada alikamatwa katika mkoa wa Shizuoka kwa mauaji ya familia ya watu wanne. Baada ya siku nyingi za kuhojiwa alikiri, kisha mahakamani akakana. Mwaka 1968 akahukumiwa kifo. Aliishi na hukumu hiyo zaidi ya miaka arobaini gerezani, kila asubuhi akiwa hajui kama ndiyo ya mwisho, huku dada yake Hideko akipigania jina lake bila kuchoka. Aliachiliwa mwaka 2014, na tarehe 26 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 88, mahakama ilimtangaza kuwa hana hatia, ikasema kuwa wachunguzi walighushi ushahidi.

Katika kisa hicho yupo mtu ambaye hatuwezi kumsahau. Ni Norimichi Kumamoto, mmoja wa majaji watatu wa mwaka 1968. Mwaka 2007 alijitokeza hadharani na kusema kuwa tangu siku ile hakuamini kuwa Hakamada ana hatia, lakini wenzake wawili walimshinda kwa kura, na yeye ndiye aliyeiandika hukumu. Hakukaa sana katika ujaji baada ya hapo, akaacha. Tuliposoma habari yake tuliufungua muhtasari wetu na kuitazama ile sentensi yenye mstari chini yake. Yeye alishindwa kwa kura. Sisi hakuna aliyetupigia kura. Tulinyamaza kwa hiari.

Dini yetu inahesabu ushahidi wa uongo katika madhambi makubwa, na sote tunalijua hilo tangu madrasa. Tulilolisahau ni kwamba ukimya wa mwenye kuandika nao waweza kuwa ushahidi. Kusitiri aibu ya ndugu ni jambo la thawabu, lakini hakuna sitara katika kumvisha mmoja aibu ya mwingine. Hiyo ni dhuluma iliyofunikwa kanzu.

Tufanye uadilifu pia kwa mchezo wenyewe, kwani tuliahidi kumjibu mama. Una mapungufu, na mengine ni makubwa. Umewekewa daraja la umri wa miaka 18 Ulaya na 17 Marekani, na wanaoweka madaraja hayo hawafanyi hivyo kwa kuburudika. Ndani yake kuna matusi, damu, mashine za kamari, na maskani ya wahusika wetu ni baa, ambako urafiki wao unakuzwa kwa kunywa pombe pamoja. Hilo si jambo la kulipuuza, kwa sababu mtoto anafundishwa kimya kimya kuwa mazungumzo ya kweli baina ya wanaume huja baada ya bilauri.

Lipo na pungufu jingine, dogo kwa wengi, lakini sisi lilitugusa. Zamu ya Adachi inapofika katika mapigano, mchezaji anaweza kumwamuru apige, ajilinde, au atumie mbinu zake za nguvu. Hakuna mahali pa kumwamuru aulize. Mtu ambaye ubora wake wote katika hadithi ni swali asiloliacha, akiingia ulingoni anakuwa kirungu tu. Tulimwonesha kijana jambo hilo. Akafikiri, kisha akasema: "Kuuliza kunachukua muda, ustaadh. Hakuna raha ya kubonyeza." Tulimwambia kuwa ameeleza kwa maneno machache kwa nini vikao vyetu navyo vinapenda kumaliza mambo haraka.

Basi hukumu yetu kwa mama ilikuwa hii. Mtambo usivunjwe. Mchezo ule uwekwe kabatini mpaka kijana afike umri uliotajwa, na wakati huo aamue akiwa na akili ya mtu mzima. Kuna michezo mingine ya zamu inayolingana na umri wake. Na kabla ya mzazi kununua au kuazima kaseti au diski yoyote, atazame alama ya umri iliyo juu ya jalada, kwa maana ipo pale kwa ajili yake. Lakini la muhimu kuliko yote, aketi mkekani jioni mbili, kama tulivyoketi sisi, aulize: "Huyu ni nani? Kwa nini umempenda?" Mtoto anayekatazwa na mtu asiyejua anachokataza, hujifunza kuficha. Mtoto aliyeulizwa hujifunza kueleza, na pengine atakueleza jambo ulilokuwa unalikimbia.

Kijana alikubali. Hakufurahi, na hatukumtaka ajifanye amefurahi. Alitoa diski mwenyewe, akaifuta vumbi kwa ncha ya shati na kumkabidhi mama yake.

Kuhusu upande wetu, kamati ilikutana tena. Haukuwa usiku mwepesi. Aliyehusika aliitwa, akaulizwa swali la funguo, na baada ya kimya kirefu akasema kweli. Fedha zimerejeshwa. Yatima yule amerudi kufagia kwa hiari yake, na ada yake sasa inatoka katika mfuko wa msikiti wenyewe, si mfukoni mwa mtu, ili mlo wake wa jioni usiwe tena kamba ya kumvutia. Wajumbe wote saba tulikwenda kwa bibi yake kumwomba radhi. Alitupokea kwa chai na hakutulaumu, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko lawama.

Mjumbe mmoja alipendekeza ukurasa ule wa muhtasari uchanwe, usije ukasomwa na wajao. Tulikataa. Ukurasa upo. Chini yake tumeandika mwingine, kwa mwandiko ule ule, unaoeleza kuwa shauri halikuchunguzwa, kwamba aliyekiri hakuwa na kosa, na kwamba swali lililokosekana liliulizwa na mtoto wa miaka kumi na sita. Yeyote atakayeshika kalamu hii baada yetu ataukuta.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum.